Mwanga Uingie, Jicho Lisiingie

Alhamisi, baada ya magharibi. Mchana kutwa jua limepiga mpaka bati la jirani likawa linalia lenyewe, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuingia. Sasa bati limenyamaza. Mimi bado.

Naandika nikiwa nimefunga mlango. Ukurasa huu nilidhani unasomwa na rafiki zangu wa chuo tu, lakini wiki hii mtu mmoja msikitini aliniambia, "Unaandika vizuri, Bi Karani," na sikumbuki kumwonyesha chochote. Kwa hiyo majina yote humu nimeyabadilisha. Kama uko Bagamoyo na unajua ninamsema nani, tafadhali jifanye hujui.

Mimi ni karani wa kamati ya wakfu ya msikiti mmoja hapa mji wa zamani. Kazi alinitafutia ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Nitamwita Ami Seif. Ana duka la vitambaa, kanzu zake hazijui mkunjo, na tangu utotoni nikisikia kikohozi chake nakaa vizuri hata kama nilikuwa nimekaa vizuri tayari.

Nimesoma, nina cheti changu, najua kupanga majalada na kuandika muhtasari wa kikao. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwambia ami yangu kwamba amekosea.

Nianze na chumba, maana matata yote yametoka humo.

Familia moja ya wafanyabiashara, Waarabu wa hapahapa ambao siku hizi wako zaidi Dar, ilijitolea kujenga chumba cha kuoshea maiti wa kike. Ni sadaka inayoendelea, ya kumwombea mama yao. Kwa wasiojua: wanawake wengi wa mji huu huoshwa nyumbani, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha yote kwa ajili ya stara, au uani kwa kuzungushia shuka. Wanaopanga chumba kimoja hawana hata uani wa kuzungushia. Na humo ndani, madirisha yakifungwa, kunakuwa giza na joto la tanuri. Bi Tatu, mkuu wa waosha wetu, husema kuna siku aliogopa atazimia aunganishwe na marehemu, waoshwe kwa kafuri moja.

Mtoto wa yule mama anayeombewa, nimwite Bwana Nasri, akataka chumba kisicho na dirisha hata moja lakini chenye mwanga wa mchana, na kisipate joto. Mimi nilipoisikia sentensi hiyo kikaoni nilijua tu kwamba mtu anataka kuuziwa maneno. Mwanga bila dirisha na bila joto, hapa pwani?

Kumbe kitu hicho kipo. Kinaitwa erojeli. Nimekisoma sana, kwa sababu mimi nikishuku kitu hukisoma kwanza. Asili yake ni silika, ileile iliyomo kwenye mchanga na kwenye kioo. Wataalamu huitengeneza ikawa kama ute mzito, halafu huondoa maji yake kwa ustadi ili mifupa yake ya ndani isiporomoke. Kinachobaki ni utando mwembamba sana uliojaa hewa, na hewa hiyo imefungwa katika vitundu vidogo hata haiwezi kutembea. Hewa isiyotembea haibebi joto. Lakini mwanga unapita. Haupiti umenyooka kama kwenye kioo, unatawanyika, unafika ndani ukiwa mweupe na mpole kama maziwa.

Chembe zake zilipokuja zilikuwa kama chumvi ya mawe iliyokosa uzito. Ukiziweka juu ya kitambaa cheusi zinaonekana bluu kidogo. Ukiziinua kwenye jua zinageuka manjano. Ukizishika zinakausha vidole hadi unatamani kupaka mafuta. Mafundi waliziita moshi mgumu. Ukuta wenyewe ni mabamba mawili ya plastiki angavu, na katikati yake zimejazwa chembe hizo.

Mjenzi alikuwa Fundi Jabir, anayekaa Mbegani. Zamani alikuwa akijenga vyumba vya baridi vya samaki, kwa hiyo habari za kuzuia joto ameanza nazo siku nyingi. Siku anakabidhiwa kazi aliwaambia wanakamati: "Huu ukuta ni wa adabu. Mwanga unaingia, jicho haliingii."

Wazee walilipenda sana neno hilo. Mimi lilinitia wasiwasi. Mtu anayesema vizuri namna hiyo ana kitu anakificha.

Sina budi kusema kwamba nilimshuku Fundi Jabir kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimshuku kwa sababu anacheka ovyo. Nilimshuku kwa sababu simu zake alikuwa akizipokelea nje. Nilimshuku kwa sababu mzigo wa namna ile, mkubwa na mwepesi, ndio mzigo ambao mtu anaweza kuupunguza na mwingine asitambue. Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi na uso wa mtu aliyekuja kusalimia tu.

Basi chumba kikaisha. Kizuri, cheupe, kuta mbili ndefu zikiwa za erojeli, na kitanda cha kuoshea kikiwa cha saruji katikati, kimejengewa na mifereji yake. Ukiingia saa sita za mchana unahisi umeingia ndani ya yai. Hakuna taa, na unaona mpaka mishipa ya mkono wako. Hakuna feni, na shingo haitoki jasho.

Halafu Bi Tatu na wenzake wakaenda kukipiga deki asubuhi moja, wakajiandaa kukizoea. Wanaume wawili walikuwa wamekaa nje barazani, upande wa magharibi, ule wenye benchi la kusubiria jeneza. Wakawaona.

Hawakuona sura. Waliona vivuli ukutani, mtu anainama, mtu anainua kata ya maji, mkono unapita huku na huku. Mmoja wao, kwa heshima, aliinuka akaenda zake. Wa pili akaenda kusema.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulijua. Kwenye kundi la simu la msikiti watu waliandika mpaka wakachoka. Fundi katutilia plastiki. Chembe zenyewe ziko Dar zinauzwa. Marehemu wetu watageuzwa sinema. Huyo aliyeandika la sinema alipata vicheko vingi, halafu akakemewa na watu walewale waliocheka.

Bi Tatu hakuandika kitu, simu yake ni ya kitufe. Alikuja ofisini, akakaa, akavua kandambili. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeosha wanawake wa mji huu tangu mama yako hajaposwa. Sijapata kumfunua mtu. Nikimfunulia ukutani nitamjibu nini siku tukikutana?"

Nilimpa maji.

Ami Seif alikasirika kimyakimya, na hasira yake ya kimya ndiyo mbaya zaidi. Akafunga chumba, akanipa funguo nikae nazo. Akaniagiza niandike barua kwa Bwana Nasri, kwamba kamati imethibitisha mjenzi ametumia vitu hafifu, kwamba asipewe kazi tena na wakfu wowote. Na akaandika mwenyewe kwenye kundi kwamba Ijumaa baada ya sala litatolewa tangazo kuhusu chumba. Ijumaa hiyo ni kesho.

Nataka ieleweke tangazo la namna hiyo ni nini. Hapa mtu hafungwi jela kwa neno la msikitini. Anafungiwa milango. Kabla hata ya tangazo, tajiri mmoja wa Makurunge aliyekuwa amempa Fundi Jabir ahadi ya kuezeka ghala amemwambia asubiri kwanza. Tangazo likitoka, hatasubiri tena. Atahama.

Barua niliianza. Ilikuwa rahisi, maana maneno yote mabaya nilikuwa nimeyafikiria kabla.

Kilichonizuia ni lile neno "imethibitisha". Kamati haikuthibitisha kitu. Iliona vivuli.

Kwenye kabati la ofisi tunayo chupa ya sampuli, chembe ambazo Bwana Nasri alizileta kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kazi kuanza. Na pembe moja ya ukuta wa chumba, karibu na mlango, bamba lilikuwa limepata ufa wakati wa kufunga, chembe kidogo zikamwagika. Nilizikusanya kwa karatasi. Nikatia hizi kwenye bilauri ya maji na zile kwenye bilauri nyingine. Zote zikaelea. Zote nilipozitoa zilikuwa kavu, kana kwamba maji yamezikosea njia. Nikaziweka juu ya buibui langu, zote bluu. Nikazisugua, zote zikalia kwa sauti ileile ndogo inayoumiza meno.

Vitu vilikuwa vyenyewe.

Badala ya furaha, nilihisi vibaya. Mtu ukishazoea kumshuku mwenzio, kumkuta hana kosa ni kama kunyang'anywa kitu. Nikaanza kushuku bilauri. Nikaanza kushuku chupa, labda hata Bwana Nasri alidanganywa huko alikonunua. Lakini chumba kilikuwa baridi. Plastiki tupu isingeweza kukipoza chumba vile, huku bati za majirani zinalia kwa jua.

Jana asubuhi nikamwomba Bi Tatu tufanye jambo la kijinga. Aingie ndani na nguo zake zote, asimame penye kitanda, mimi nikae barazani. Nikakaa. Nikamwona, kivuli kirefu cha kijivu, karibu na ukuta.

"Waniona?" akauliza kwa ndani.

"Nakuona, Bi Tatu."

"Nafanya nini?"

"Umeshika kiuno."

"Hata marehemu mume wangu hakuwa akinitazama hivi," akasema, na nikamsikia anacheka peke yake.

Nikakaa pale muda mrefu. Bi Tatu alichoka akatafuta ndoo ya kukalia. Jua lilikuwa linapanda kutoka upande wa bahari, na nikagundua kwamba jinsi linavyopanda ndivyo kivuli chake kinavyofifia. Lilipofika juu ya chumba, ukuta mbele yangu ukawa mweupe kabisa. Bi Tatu bado alikuwemo, bado akinung'unika, na mimi sikuona kitu.

Ukuta haukubadilika. Jua ndilo lililobadilika.

Asubuhi jua likiwa chini hupiga ukuta wa mashariki moja kwa moja, ukuta mzima unawaka, na anayesimama ndani anakuwa katikati ya mwanga ule na mtu aliyekaa kwenye kivuli cha baraza. Ni kama mtu aliyesimama kati ya karabai na shuka. Hakuna erojeli duniani ya kuzuia hilo. Sasa nani alizipeleka kuta hizo mashariki na magharibi?

Hapo nikakumbuka siku ya kamba.

Siku ile mafundi walikuwa wamepigilia vigingi na kuvuta kamba za msingi. Mimi nilipeleka kahawa. Kwa mchoro, kuta za erojeli zilitazama kaskazini na kusini, ambako kuna ukuta wa makaburi na ua wa msikiti, hapakai mtu, na jua halichomozi wala kuzama huko. Kitanda nacho kililala mashariki na magharibi. Ami Seif akasimama, akauliza miguu ya maiti itaelekea wapi. Kibla kwetu kiko kaskazini. Yeye alitaka miguu ielekee kibla, ili maiti kama angeinuka akae akikielekea, kwani ndivyo walivyooshwa wazee wake wote. Imamu alimwambia taratibu kwamba hili lina nafasi, namna zote mbili zinafaa. Ami akasema kufaa ni kwa wengine. Na kwa kuwa chumba ni chembamba na kitanda ni cha saruji, kitanda peke yake hakingegeuka. Akaigeuza nyumba nzima. Alizisogeza kamba kwa ncha ya mkongojo, robo mduara, watu wakahamisha vigingi.

Fundi Jabir alisema kitu kuhusu jua. Nakumbuka vizuri, kwa sababu Ami alimjibu na sote tukacheka: "Fundi, jua la Mwenyezi Mungu halichagui ukuta."

Nami nilicheka. Niliona Fundi amefungwa mdomo vizuri.

Jana sikulala sawasawa. Barua ilikuwa nusu. Nilijiambia kwamba labda nimekosea, kwamba mimi ni karani, kwamba jua ni la wataalamu. Nilijiambia kwamba Fundi angeweza kujitetea mwenyewe, ana mdomo. Halafu nikajiuliza kwa nini hajajitetea, na jibu nililijua: nani atasimama hapa mjini aseme mwenyekiti aligeuza nyumba kwa ajili ya kibla, na watu wasisikie kwamba anapinga kibla?

Asubuhi ya leo akafariki Bi Mwajuma, muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Mungu amrehemu. Alikuwa akiugua, lakini hakuna aliye tayari.

Binti yake, Zaina, alikuja ofisini macho mekundu, hakuketi. Wanapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya watu, uani ni wa wapangaji wote, wanaume wanapita kwenda chooni. Mazishi yamepangwa adhuhuri. Akaomba funguo za chumba kipya. Nikamwambia kimefungwa kwa amri ya mwenyekiti. Akasema anajua, na anajua vivuli. "Mama alikuwa akioga na kanga hata akiwa peke yake," akasema. "Lakini sina pengine pa kumpeleka, dada."

Mimi si shujaa. Napenda ijulikane hivyo. Nilitazama mlango nikitumaini Ami ataingia aamue yeye. Hakuingia. Nikatoka nikaenda kwa Bi Tatu.

"Tukiuziba upande wa jua?" nikamuuliza. "Kwa nje. Tuache upande wa baraza peke yake."

"Tuzibe halafu nimwoshe kwa kupapasa?"

"Mwanga wa upande mmoja utatosha. Ukuta ule ni mkubwa."

Akanitazama kama mtu anayechagua samaki. "Una hakika, au umesoma?"

Nikamwambia nimesoma, na nimekaa barazani. Akavaa kandambili.

Tulichukua majamvi ya msikiti yaliyokunjwa stoo, yale yanayotandikwa uani siku za Idi, tukayatundika nje ya ukuta wa mashariki kuanzia juu hadi chini. Wanaume wa mazishi walikuwa wameshaanza kufika. Hakuna aliyetusaidia mwanzoni, wakidhani tumechanganyikiwa. Halafu mmoja akashika pembe. Bi Tatu na msaidizi wake wakaingia ndani, marehemu bado hajaletwa. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la wanaume. Sijawahi kukaa pale. Wazee wakasogea, na mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi makarani wanakagua hadi benchi.

Ukuta ulikuwa mweupe. Hapakuwa na kitu.

"Bi Tatu, inua mkono," nikaita.

"Nimeinua mpaka kwapa linalalamika."

Hapakuwa na kitu kabisa.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi.

Ami Seif alisimama nyuma yangu na mkongojo wake. Akauliza nani ametoa funguo. Nikasema ni mimi, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Akaniambia, mbele ya wote, kwamba nitamdhalilisha mwanamke aliyejistiri maisha yake yote kwa sababu ya ukuta wa bandia. Akaamuru majamvi yateremshwe na chumba kifungwe.

"Ami," nikasema, "kaa kwanza utazame. Bi Tatu yumo ndani."

Hakukaa. Lakini alitazama. Alitazama kwa muda, akainama kidogo, akasogea hadi karibu. Hatimaye akasema, kwa nafuu ambayo sikuitegemea, "Basi kumbe kimetengenezwa."

Angeweza kuishia hapo. Ningeweza kumwacha aishie hapo. Mazishi yangefanyika, na kesho Fundi angetangazwa vilevile, kwamba alitutilia vitu vibovu na kamati ikavirekebisha kwa majamvi. Niliiona sentensi nzima, maana ningeiandika mimi.

"Hakijatengenezwa, Ami. Huu ukuta unaoulaumu hatujaugusa. Tumeziba ule wa pili."

Nikamwomba yule kijana aliyeshika pembe ateremshe jamvi moja. Jua likaingia kwa upande ule, na palepale ukutani akatokea Bi Tatu, mkono juu, kata imeinuliwa. Jamvi likapandishwa. Akatoweka. Watu kwenye benchi waliinamisha macho kama wameonyeshwa jambo lisilofaa.

Mzee aliyenong'ona mwanzo ndiye aliyesema: "Kwa hiyo si fundi. Ni jua."

Na mwingine, aliyekaa mwisho wa benchi na ambaye sina uhakika kama alikusudia au aliropoka, akauliza, "Na jua nani kalileta upande huu?"

Nusu ya waliokuwepo walikuwepo pia siku ya kamba. Nilimwona Ami akitazama chini, pale mkongojo ulipogusa ardhi, halafu akauinua kana kwamba ardhi ina moto.

Marehemu akaletwa, kila mtu akasimama, maneno yakaisha.

Bi Mwajuma ameoshwa humo. Bi Tatu alitoka na uso mkavu, hana jasho, akaniambia kwamba ameona hata vipele vya joto mgongoni kwa marehemu akavipitishia maji polepole. Zaina alinishika kiganja tu, akakifinya, akaenda kumsindikiza mama yake mpaka pale wanawake wanapoishia.

Baada ya mazishi Ami alikuja ofisini. Nikasimama. Akatazama feni, akatazama kabati, akatazama barua yangu nusu iliyokuwa mezani.

"Ile barua iache," akasema.

Nikauliza, nikijishangaa, "Na kesho, Ami?"

Akaweka kofia yake sawa. "Kesho ni Ijumaa," akasema, akatoka.

Tangu saa ile nimekuwa nikilipindua neno hilo kama mtu anayetafuta tundu kwenye mtumbwi. Iache, yaani nimekosea, tumwombe radhi Fundi? Au iache, yaani lisisemwe tena jambo hili, la fundi wala la kamba? Kesho ni Ijumaa, yaani nitasimama niseme? Au kesho ni Ijumaa, siku tukufu, usiniletee maneno? Ujumbe wake wa tangazo bado uko kwenye kundi. Hakuufuta. Watu wanaendelea kuandika chini yake. Wapo wanaosema sasa kwamba Fundi alikuja kimya kimya akarekebisha kwa kuogopa. Waliokuwa kwenye benchi wote wako kundini. Wanasoma, naona alama za kusoma. Hakuna hata mmoja wao anayeandika.

Nawashuku wote. Nashuku heshima yao, jinsi ilivyo nzuri na jinsi inavyomwacha mtu mmoja peke yake Mbegani abebe robo mduara ambayo hakuigeuza.

Ami namshuku, na nampenda. Aliponilipia ada chuoni hakuniambia hadi nilipomaliza. Najua pia kwamba alitaka miguu ya wanawake wa mji huu ielekee pale mama yake alipoelekezwa. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kama angekuwa mbaya ningelala.

Baada ya magharibi nikampigia simu Fundi Jabir. Hakucheka. Nilimwambia aje kesho kusali kwetu, asali safu ya mbele, mahali ambapo mwenyekiti akiinuka atamwona.

Nikamsikia akitoka nje, kama alivyozoea kupokelea simu zake.

"Bi Karani," akasema, "mnaniita ili nitangazwe nikiwepo?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini sijui. Nilimwambia ukweli, kwamba ami yangu ameambiwa na jua lenyewe, mbele za watu, na kwamba sijui atafanya nini. Akaniuliza kwa nini basi aniamini. Nikasema asiniamini, aje tu. Hakuahidi. Alisema, "Nimekusikia," na watu wa hapa wakisema hivyo inaweza kuwa lolote.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyo jioni hii. Nimemwita mtu asiye na kosa akae mbele ya watu wote, kwa kutegemea neno la mtu ambaye sijui atasema nini. Asipokuja, tangazo litamkuta hayupo. Akija na Ami asiseme, atakuwa ameaibishwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa mkono wangu. Atanishuku maisha yake yote, kama nilivyomshuku yeye, ila yeye atakuwa na sababu.

Wanawake tunasali nyuma ya pazia. Matangazo yakisomwa tunayasikia, hatuonekani. Kesho nitakaa karibu kabisa na pazia. Ami akisema, nitashukuru Mungu na nitamwandalia chakula cha Ijumaa kwa mkono wangu. Akimtangaza Fundi, au akinyamaza na kuketi, basi mimi nitasema kutoka pale nyuma, kwa sauti ya kufika safu ya mbele, kwamba kamba ziligeuzwa na mwenyekiti na nilikuwepo.

Sijapata kupaza sauti msikitini. Sijapata kupaza sauti popote. Muda mfupi uliopita nilijaribu hapa chumbani, maneno yote, nikitazama ukuta.

Mama amegonga mlango akauliza ninamwita nani. Nimemwambia simwiti mtu. Amesimama kidogo nje, halafu akasema niseme kwa nguvu zaidi, maana jikoni hakusikia vizuri.